Chubwi, Hewa na Baridi: Kwa Mzamiaji wa Nairobi Aliyepata Cheti Juzi

Mimi ni fundi wa friji. Karakana yangu iko Kariobangi, na kutwa nzima nashinda na mitungi, geji, gesi na baridi. Kwa hiyo nilipomaliza kozi ya kuzamia na kukabidhiwa cheti cha kushuka hadi mita 18, nilijiona nimeiva. Gesi nazijua. Presha naijua. Wiki tatu baadaye nilikuwa Diani, mita 12 chini ya maji, nikipanda na kushuka kama lifti ya jengo la River Road: mara goti linakwangua matumbawe, mara mwanga wa juu unanijia mbio. Nilimaliza hewa kabla ya wenzangu wote. Nilipopandishwa botini, nahodha, mzee mmoja wa Shimoni, aliutazama mkanda wangu kiunoni kwa muda.

"Umefunga machubwi mangapi, mwanangu?"

"Kilo kumi, mzee."

"Kumi! Ulikwenda kuzamia au kutia nanga?"

Chubwi ni kile kipande cha risasi ambacho wavuvi hufunga kwenye mshipi ili ndoana ishuke. Nimelichukua neno la yule mzee na sitalirudisha, kwa sababu mbili. Kwanza linasema kazi yenyewe. Pili, siku moja nilimweleza mke wangu kwa simu, nikiwa ndani ya matatu ya Outering, kwamba Diani niliongezewa risasi nne kiunoni. Abiria wote waligeuka.

Kilo nne zinavyokuwa lifti

Mzamiaji mpya karibu kila mara hubebeshwa chubwi kuliko mahitaji yake. Mwalimu mwenye wanafunzi sita hataki mmoja abaki akielea juu ilhali watano wameshafika chini, na mimi simlaumu. Lakini cheti kikishatoka, zile kilo za ziada ni mzigo wako wewe, na hazikuzamishi tu. Tuhesabu.

Lita moja ya hewa ndani ya jaketi la kuzamia, lile linalojazwa hewa ili uelee, hukuinua kwa takriban kilo moja. Ukiwa umezidisha kilo nne, itakubidi utie lita nne zaidi ili usitue kwenye mchanga. Mita 10 baharini presha ni bar 2, maradufu ya ile ya juu ya maji. Sasa panda kidogo tu, labda umeinua kichwa kumtazama kasa, ukafika mita 5. Presha imeshuka hadi bar 1.5, na zile lita nne zimetanuka zikawa tano na theluthi. Umeongezewa zaidi ya kilo moja ya kukuinua bila kugusa kitufe chochote. Inakupandisha, ukipanda inatanuka, ikitanuka inakupandisha zaidi. Unashtuka, unaitoa yote, unaporomoka. Ndiyo ile lifti ya River Road. Mwenzio asiye na zile kilo nne ana kiputo kidogo mgongoni, na kiputo kidogo hata kikitanuka hakina nguvu ya kumpeleka mbali.

Kwa hiyo tatizo ambalo wengi tunadhani ni la kitufe cha jaketi huanzia kwenye mkanda. Nilitumia mbizi nne nzima kujifunza kubonyeza vizuri kabla sijaelewa hilo.

Kupima

Ingia na vifaa vyote kwenye maji ambayo hayakufikishi miguu chini, na mwenzio awe karibu. Regulata, kile kifaa cha kupumulia, mdomoni. Inua bomba la jaketi juu utoe hewa yote, kisha pishanisha miguu. Hili la miguu ni muhimu kuliko linavyosikika, maana wengi wetu hupiga teke kidogo kidogo bila kujua, na teke hilo hubeba kilo mbili za uongo. Vuta pumzi ya kawaida. Maji yanapaswa kukufika machoni. Toa pumzi yote, nawe ushuke taratibu. Ukizama huku mapafu yamejaa, punguza kilo moja urudie. Kidevu kikibaki nje hata baada ya kutoa pumzi, ongeza.

Fanya jaribio hili mwisho wa mbizi, geji ikisoma bar 50, si mwanzoni. Hapa ufundi wangu ulinifaa kidogo. Sisi tukijaza gesi kwenye friji tunapima kwa mizani, kwa sababu gesi ina uzito. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Mtungi wa alumini wa lita 11, ule wa kawaida kwenye boti za Pwani, ukijazwa bar 200 unabeba hewa ya karibu kilo 2.7. Utavuta kilo mbili kati ya hizo kabla hujapanda. Mtungi wenyewe ukikaribia kwisha huanza kutaka kuelea, na hilo hukukuta ukiwa mita 5, kwenye kituo cha usalama, pale unaposimama dakika tatu kabla ya kutoka nje. Aliyejipima na mtungi uliojaa hapo ndipo anapopaa. Kama huna njia ila kujipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo mbili juu ya utakachopata.

Jambo jingine: nambari ya bwawa usiende nayo baharini. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bomba kwa takriban asilimia 2.5. Jumamosi moja nilipanda juu ya mizani ya karakana nikiwa na kila kitu: mimi, mtungi, jaketi, suti ya mpira, mapezi ya miguuni, chubwi. Vijana wangu walicheka hadi wakaacha kazi. Kilo 105. Asilimia 2.5 yake ni kilo mbili na nusu na ushei. Basi mimi nikitoka bwawani kwenda Diani na vifaa vile vile naongeza kilo mbili na nusu, na nikirudi nazitoa. Jipime ujue yako, na uandike. Nina daftari dogo la kurasa za mistari. Kila mbizi ina mstari wake: mahali, suti gani, mtungi gani, chubwi ngapi, na neno moja, "zimezidi", "zimepungua" au "sawa".

Bwawa la Nairobi ni gumu kuliko bahari

Nilipokuwa nikipiga mazoezi kwenye bwawa la klabu moja upande wa Ngong Road, nilidhani ninashindwa kwa kuwa sina kipaji. Kumbe bwawa ndilo gumu. Presha hubadilika kwa kasi zaidi karibu na uso wa maji: kutoka juu hadi mita 3 kiputo chako kinasinyaa kwa sehemu kubwa kuliko kutoka mita 12 hadi 15. Tena sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa inasukuma kwa takriban bar 0.82 badala ya 1. Ndiyo maana baharini presha inakuwa maradufu ukifika mita 10, lakini kwa maji yaliyo kwenye mwinuko wa Nairobi ingekuwa maradufu kwenye mita 8 na kitu. Ukiweza kutulia mita 2 katika bwawa letu, mita 12 za Diani zitakuwa kama kujinyoosha kwenye jamvi.

Zoezi langu ni la sarafu. Naweka shilingi ishirini kwenye sakafu ya bwawa, upande wenye kina, kisha najaribu kukaa juu yake, mwili umelala, pua ikiwa shibiri moja kutoka kwenye sarafu, mikono imefumbatwa, mapezi hayagusi kitu. Dakika moja. Siku ya kwanza nilifika sekunde saba.

Siri iko kwenye mapafu na kwenye subira. Pumzi ndefu inaweza kubadilisha uzito wako majini kwa kilo mbili au tatu, lakini mwili hauitikii papo hapo. Unavuta, unahesabu moja, mbili, ndipo unaanza kupanda. Mgeni akiona hakuna kilichotokea katika ile sekunde ya kwanza anabonyeza kitufe, na sasa ana pumzi na hewa ya jaketi zote mbili zikimpandisha. Nina wateja wa aina hii. Anazungusha kidhibiti cha friji, anafungua mlango baada ya dakika moja, anaona nyama haijaganda, anazungusha tena. Jioni maziwa yamekuwa jiwe. Bonyeza kidogo, kama kugusa, kisha ngoja pumzi mbili kamili kabla ya kuamua. Na usizuie pumzi kamwe ili ubaki mahali ulipo. Mtu aliyefunga koo huku akipanda hata mita chache anaweza kupasua mapafu, hata bwawani. Pumua bila kukatiza. Unachobadilisha ni kiasi tu cha hewa unayobakiza kifuani.

Kama miguu yako inazama kila mara, tatizo si mapezi. Chubwi zote ziko kiunoni. Toa moja, ifunge kwenye mkanda wa mtungi karibu na mabega. Kwangu kilo moja tu iliyohamishwa ilifanya kazi ambayo miezi miwili ya kupiga teke haikufanya.

Suti ya Toi na maji ya Julai

Wazamiaji wa Nairobi tunajidanganya kwamba baridi si habari yetu kwa sababu bahari yetu ni ya joto. Machi na Aprili, ni kweli, Diani maji huwa nyuzi 29 hivi. Njoo wakati wa kusi, Julai na Agosti, ukute nyuzi 24 au 25. Nyuzi 25 za hewa hapa Nairobi ni siku ya kuvua sweta. Nyuzi 25 za maji ni jambo jingine, kwa sababu maji hupora joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa. Mbizi ya kwanza hutahisi. Ya tatu siku hiyo hiyo, meno yanagonga.

Na bwawa la Nairobi lisilopashwa moto, mwezi wa Julai, kompyuta yangu ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi kama saa, ilisoma nyuzi 19. Hiyo ni shule ya bure. Nilipoona hivyo nilienda soko la Toi kutafuta suti. Katikati ya marobota ya jaketi za theluji utakuta suti za mpira za wanaoteleza kwenye mawimbi. Yangu ya unene wa milimita 5 ilinigharimu shilingi 1,500 baada ya kubishana sana. Ukienda, ibinye kitambaa kwa vidole viwili uachie. Ikinyanyuka mara moja, vile vipovu vidogo ndani yake bado vizima. Ikibaki imebonyea kama maandazi ya juzi, imekufa, iache. Kisha ivae hapo hapo juu ya nguo nyepesi na uchuchumae. Ikiacha nafasi mgongoni juu ya kiuno, hapo patakuwa mtaro: kila ukijikunja, maji yaliyokwisha kupata joto lako yanatoka na mapya yanaingia.

Sasa angalia jinsi baridi na kuelea vinavyoshikana. Suti ina joto kwa sababu ya vile vipovu, na vile vile inaelea kwa sababu hiyo hiyo. Nene zaidi, joto zaidi, inaelea zaidi, chubwi zaidi. Ukishuka, vipovu vinabanwa: suti inapungua unene, inapoteza joto na inapoteza uwezo wake wa kukuinua, lakini chubwi ziko pale pale kiunoni. Unajaza jaketi kufidia. Na jaketi likijaa tumeshaona linavyofanya. Ndiyo maana mtu anayetulia vizuri akiwa na suti nyembamba anaweza kurudi kuwa mwanafunzi siku anayovaa nene. Badilisha suti, rudi bwawani, jipime upya kabla ya kusafiri.

Nyuzi 13

Haya yote niliyahakikisha Simon's Town, karibu na Cape Town, nilipoenda kumtembelea mpwa wangu anayesoma huko. Ilikuwa Agosti. Maji ya False Bay yalikuwa nyuzi 13. Nilivalishwa suti ya milimita 7, vipande viwili kifuani, kofia ya mpira na glavu. Nilitembea ufukweni kama friji inayojibeba. Walitaka kunipa kilo 14 juu ya mtungi wa chuma. Niliomba kujipima. Mtungi wa chuma hauelei hata ukiwa mtupu, kwa hiyo chubwi za kufidia kuelea kwa mtungi wa alumini sikuzihitaji. Nikaishia 11.

Nilifanya kosa moja pale. Niliingia haraka kwa kujionyesha mbele ya mpwa wangu. Maji ya baridi yakigusa uso na shingo ghafla, mwili hunyakua pumzi wenyewe bila kukuuliza, kisha unahema mbio mbio kwa dakika moja au mbili. Kifua kimejaa, hutoi hewa vya kutosha, kwa hiyo huzami. Nilidhani chubwi zimepungua! Nusura niombe mbili zaidi. Mwenyeji wetu akanishika bega, akanionyesha kwa mkono: ngoja, pumua nje. Baada ya dakika mbili nilishuka na zile zile 11 bila shida.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuingia, mimina maji ndani ya shingo ya suti, lowesha uso mara kadhaa. Ukiwa majini, kaa juu umeshika boya au mkono wa mwenzio, toa pumzi ndefu kuliko unayoivuta, mpaka uhemaji utulie. Usihukumu chubwi zako kabla ya hapo. Hesabu pia kwamba baridi itakula hewa yako. Wale wanaonijua walishangaa geji yangu ilivyoshuka siku ile. Panga kurudi mapema.

Kuhusu regulata, hapa niruhusu nijigambe kidogo, maana hii ndiyo kazi inayonilisha. Hewa ikitoka kwenye presha ya bar 200 na kushushwa ghafla hadi bar kumi na kitu, inapoa sana, kama gesi inavyopoa ndani ya friji ikipita kwenye tundu dogo. Kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 10, unyevu ulio pale unaweza kuganda, valvu ikabaki wazi, hewa ikamwagika bila kukoma. Kwa maji ya namna hiyo kodi regulata iliyotengenezwa kwa baridi. Usiivutie pumzi wala kuibonyeza ukiwa bado nchi kavu, na usijaze jaketi kwa mbonyezo mrefu huku unavuta pumzi. Gusa, achia, gusa. Ikimwagika, usifunge midomo kuizunguka. Vuta unachohitaji pembeni mwa povu, mshtue mwenzio, pandeni pamoja kwa mwendo wa kawaida, usiozidi mita 9 kwa dakika.

Tulizunguka dakika 28 katikati ya mwani mrefu kama mikaratusi, papa wadogo wenye milia wakilala chini ya mawe. Kisha vidole vyangu vikakataa. Nilijaribu kufungua kibanio cha tochi nikashindwa, na mara mgongo ukatetemeka. Kutetemeka kwa kwanza ndiyo mwisho wa mbizi, hakuna majadiliano. Mikono isiyoweza kufungua kibanio haiwezi kufungua mkanda wa chubwi siku ya dharura. Nikanyoosha kidole gumba juu. Mtu wa Nairobi lazima ajizoeze hapa, kwa sababu kwetu gumba ni "poa" na chini ya maji ni "tunapanda". Katika kozi yangu nilimpandisha mwalimu mara mbili nikidhani namwambia mambo ni shwari.

Nje, vua suti upande usio na upepo, kofia ya sufi kichwani, chai ya tangawizi au uji wa moto kutoka kwenye thermosi. Usikimbilie bafu la maji ya moto sana saa ile ile. Mwili uliopoa bado una naitrojeni ya hewa uliyovuta, iliyoyeyuka damuni, na kuuchemsha ghafla ni kuialika itoke kwa vipovu. Na kunywa maji, kwa sababu baridi hukufanya ukojoe sana. Suti yangu ilioshwa kwa sabuni ya unga ndoo mbili, sitaeleza zaidi.

Kurudi nyumbani

Kwa mtu wa Mombasa mbizi huisha akivua mapezi. Kwetu haijaisha, maana ile naitrojeni bado imo mwilini, na kupanda mwinuko nako ni kuialika itoke kwa vipovu. Ushauri unaotumiwa na wazamiaji ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, au 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kupanda ndege, na hesabu hiyo inahusu mwinuko kuanzia mita 600. Nairobi ni 1,700. Treni haina mabawa lakini inakupandisha vile vile, na basi pia. Mimi namaliza mbizi ya mwisho Jumamosi adhuhuri, Jumapili asubuhi naanika suti na kuandika daftari, kisha nachukua treni ya mchana.

Kabla ya kupanda hununua krispi za mhogo za wanangu, zile za pakiti iliyozibwa kwa moto. Mombasa pakiti huwa imelegea, unaweza kuikunja. Tukipita Voi naitoa kwenye mkoba naibinya. Tukipita Emali imekaza. Nikishuka Syokimau imevimba kama ngoma, na mdogo wangu wa mwisho, anayenisubiri pale nje na mama yake, huipiga kwa kiganja ipasuke kabla hata hajanisalimia.